Jiwe Lililokataa Kuwa Kokoto

Machimbo yetu yalikuwa mwendo wa dakika arobaini na tano kutoka stesheni ya Nakuru, kwenye mteremko wa Menengai. Sikuwa na saa wakati huo. Nilihesabu hatua zangu asubuhi moja, kisha nikamwomba karani wa stoo anipimie kwa saa yake nikitembea hatua mia moja, hesabu iliyobaki nikaifanya mwenyewe. Karani aliniuliza jambo hilo litanisaidia nini. Niliandika tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha darasa la pili. Mengine nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha hesabu kisicho na jalada nilichokinunua sokoni, na kwa daftari moja nililotembea nalo mfukoni mpaka likapinda kufuata paja langu. Nchi ilikuwa na mambo yake mazito miaka hiyo, na sisi pia yalitupata. Hapa nataka kueleza kazi ya mawe tu, na jiwe moja hasa.

Aliyepita barabarani aliona vumbi na kusikia nyundo, akadhani sote tunafanya kazi moja. Haikuwa hivyo. Juu, kwenye mwamba wenyewe, walikuwapo wakataji. Hao walipigilia kabari za chuma kwa mstari mpaka bonge la jiwe likaachana na mlima. Chini yao tulikuwa sisi wabebaji, tukichukua mabonge begani au kichwani, juu ya ngata ya gunia, mpaka uwanjani. Uwanjani walikaa mafundi wa tindo, kila mmoja chini ya mabati yake mawili, wakiyachonga mabonge yawe mawe ya kujengea: inchi tisa kwa tisa, urefu kumi na nane. Na pembeni, kwenye lundo la vipande vilivyoharibika, walikaa akina mama wa kokoto na nyundo zao ndogo. Chochote kilichoharibikia mikononi mwa wanaume kiliishia kwao, na walikuwa hawachoki kutukumbusha.

Fundi wa tindo alikuwa mtu wa heshima. Jumamosi jioni mafundi wakienda mjini walitembea polepole mbele ya majengo mapya, mikono nyuma, wakitazama kuta. Kila mmoja alilitambua jiwe lake kwa mistari ya tindo, kama karani anavyoutambua mwandiko wake. “Hilo la tatu kutoka dirishani ni langu,” mmoja angesema, na mwenzake angejibu, “Naona. Ulikuwa na homa siku hiyo?” Mimi nilitembea nyuma yao. Nilikuwa nimebeba nusu ya ukuta ule kwa shingo yangu, lakini hakuna alama ya shingo inayobaki kwenye jiwe.

Watu wa machimbo walitoka kila upande. Wengine walitoka magharibi, wengine milimani, wengine walizaliwa hapo hapo bondeni kwenye mashamba ya walowezi. Kila mmoja alikuwa na mila za kwao, na mila hizo hazikulingana hata katika namna ya kunywa chai. Kwa hiyo machimbo yalijitungia mila yake. Mbebaji aliyetaka kuwa fundi alijichagulia bonge lake mwenyewe na kulichonga Jumamosi mchana mbele ya watu wote. Nyapara, msimamizi wetu, alitundika debe la maji lililotobolewa kwa msumari. Maji yakiisha, tindo chini. Jiwe likiwa limekamilika na limenyooka, lilikuwa halali ya fundi mpya na halikuuzwa. Alilipeleka kwa mtu aliyemheshimu, likawekwa mlangoni kama ngazi ya kukanyagia. Kama halikukamilika, akina mama wa kokoto walilivunja hapo hapo kwa vigelegele. Mapigo matatu ya nyundo, kwenye pembe. Kwa kawaida pigo la pili lilitosha.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halikuwa mchezo kwangu.

Miongoni mwa wavunja kokoto alikuwapo mama mmoja mzaliwa wa Kabazi, mwembamba, mwenye sauti iliyofika juu kwa wakataji bila yeye kuinua kichwa. Alikaa na binti yake, kila mmoja na lundo lake, na kati yao nyundo moja kubwa ya vipande sugu. Mimi na binti tulikuwa tumekwisha kuelewana. Tulielewana kwa maneno machache, kwa kuwa mama yake alikuwa kati yetu saa zote za kazi, lakini tulielewana. Nilipopata ujasiri wa kumwendea mama, hakuniacha nimalize.

“Wewe ni mbebaji,” alisema, akiendelea kugonga.

“Ndiyo, mama.”

“Mbebaji anakula kwa shingo. Shingo ikiisha, anakula nini?”

Aliokota kipande kingine, akakigonga.

“Kuna karani wa ghala la mahindi huko Rongai. Ametuma wazee mara moja, nimewapa chai. Wakirudi mwisho wa mwezi nitawapa chakula. Shika tindo kabla wao hawajarudi, halafu uje tuongee. Ukishindwa, usinisalimie tena na hiyo sura ya huruma.”

Nilihesabu. Zilibaki Jumamosi nne. Nilimwomba nyapara Jumamosi ya tatu, akakubali.

Mtu mwingine angechukua bonge lolote asubuhi ya siku yenyewe. Mimi niliamua kulifanya jambo hili kwa utaratibu. Adui wa fundi, nilivyoona, ni ufa uliojificha ndani ya jiwe, ambao huonekana tindo ikiwa imefika katikati na kazi imeharibika. Basi nilichagua bonge zuri wiki tatu mapema, la rangi ya kijivu lisilo na doa, nikalibeba mpaka nyuma ya stoo, nikaliweka juu ya vipande viwili vya mbao mahali pakavu penye jua. Kila asubuhi kabla ya kazi nililigonga kwa nyundo mara tano, mahali palepale patano, nikasikiliza, nikaandika.

Daftari hilo ninalo bado. Siku ya kwanza nimeandika: “Sauti nzito, kama kugonga gunia la mahindi.” Siku ya sita: “Sauti imepanda kidogo.” Siku ya kumi na moja: “Safi. Kama kugonga chungu kizima.” Siku ya kumi na nane: “Kama kengele ya kanisa. Hakuna ufa kabisa. Jiwe bora.” Chini ya maneno jiwe bora nimepiga mistari miwili.

Mbebaji mwenzangu, kijana wa Gilgil ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alinikuta nikigonga.

“Hodi, hodi,” alisema. “Wenyewe wako?”

“Napima.”

“Wakifungua waambie mimi pia niko hapa, sijanywa chai.”

Kuanzia siku hiyo uwanja mzima ukiniona asubuhi uliitikia, “Karibu!” Nyapara pia alipita mara mbili. Alikuwa mzee wa magharibi, mfupi, mwenye njiti ya kiberiti mdomoni saa zote. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akahamisha njiti kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda mwingine, akaenda zake. Nilidhani amependezwa.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi ya mawe amekwisha kucheka. Kwa ambaye hajaifanya, ni hivi. Jiwe letu likitoka mlimani lina unyevu ndani yake. Tuliyaita maji ya jiwe. Likiwa na maji yake, tindo huingia kama jembe katika shamba lililonyeshewa. Maji hayo yakikauka hayarudi, na jiwe hukaza. Ndiyo maana mafundi walichonga bonge siku lilipotoka au kesho yake, na ndiyo maana kuta zake husimama miaka mingi. Mimi nilikuwa nimebeba mawe mabichi kwa miaka miwili na nimeona kuta ngumu kwa miaka miwili, lakini sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili katika mstari mmoja wa daftari. Nililichukua jiwe bichi, nikaliweka juani siku ishirini na moja, na kila asubuhi nikaandika kwa mkono wangu jinsi linavyozidi kuwa gumu. Kisha nikapiga mistari miwili.

Jumamosi ilifika. Kazi ilisimama saa saba mchana. Nyapara alitundika debe, akatoa kijiti kilichoziba tundu, maji yakaanza kutiririka. Wakataji waliteremka, mafundi wakatoka vibandani, akina mama wakageuza magunia yao ili watutazame. Binti alikaa nyuma ya mama yake, leso imefunika nusu ya uso.

Nilipima kwa rula, nikachora mistari kwa mkaa, nikaweka tindo, nikapiga.

Tindo iliruka. Ilitoka cheche moja na sauti kali iliyokwenda mpaka ng’ambo ya uwanja. Juu ya jiwe palibaki alama nyeupe ndogo kama kinyesi cha mjusi.

Nikapiga tena. Ting.

Halafu fundi mmoja mzee akasema polepole, kama mtu anayesoma tangazo, “Huyu ameleta jiwe ya mwaka jana.”

Hapo walicheka. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ting, ting, ting, nilipiga, maana debe lilikuwa linatiririka na sikuwa na jiwe jingine.

“Sikieni, anapeleka simu Nairobi!” kijana wa Gilgil alipaza sauti.

“Wamejibu?” aliuliza mmoja wa akina mama.

“Wanasema laini ni kavu!”

Lakini nilikuwa na mistari yangu ya mkaa, na mistari ilikuwa sahihi. Niliacha kupiga kwa nguvu, kwa kuwa nguvu ilirudi yote mkononi. Nikapiga pigo dogo, mahali pamoja, mara nyingi, nikila jiwe unga kwa unga. Tindo ya kwanza ilipokuwa butu, fundi mzee yule yule alinirushia yake. Ya pili ilipokuwa butu, mwingine alileta ya tatu. Kicheko kilipungua taratibu. Watu walisogea karibu. Uso wa kwanza ulinyooka. Nikaweka skwea ya kupimia pembe, hakuna mwanga uliopita chini yake. Nikageuza jiwe.

Nilimaliza uso wa nne nikisikia maji yanatiririka. Nilipolisimamisha jiwe nianze kichwa chake, nilisikia matone. Halafu sikusikia kitu.

“Tindo chini,” alisema nyapara.

Niliweka chini. Nyuso nne ndefu zilikuwa tayari, zimenyooka. Vichwa viwili vilikuwa bado kama vilivyotoka mlimani, vimekwaruzwa tu. Nyapara alizunguka jiwe, akapitisha kiganja juu ya kila uso, akaweka skwea mwenyewe pembe zote nne. Alichukua muda mrefu. Kisha akatoa njiti mdomoni.

“Kazi ni safi,” alisema. “Lakini debe ni debe. Mama, njoo.”

Alimwita mama wa Kabazi. Nilijua atamwita yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mkono mzito kuliko wote. Alisimama, akajifunga leso kiunoni, akanitazama mara moja. Sikuona furaha usoni pake. Alimgeukia binti yake.

“Nipe ile nyundo kubwa.”

“Mpini umelegea, mama,” alisema binti.

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi. Chukua tu hii ndogo. Si jiwe ni moja tu?”

Mama aliguna, akachukua ndogo. Akina mama wengine walijiandaa kwa vigelegele, ndimi tayari. Alilenga pembe, akainua mkono, akapiga.

Ting. Nyundo ilirudi juu kama mpira.

“Ala!” alisema mama.

Akapiga la pili, kwa mikono miwili. Cheche ilitoka. Pembe haikutoa hata ganda. Kigelegele kimoja kilichokuwa kimetoka mapema kilikatika katikati, mwenyewe akaziba mdomo. Mama alijitemea viganjani. Aliweka miguu vizuri, akapumua, akapiga la tatu kwa hasira yote aliyokuwa nayo juu ya wabebaji, juu ya shingo zao na sura zao za huruma. Nyundo ilimtoka mkononi ikaangukia kwenye lundo la kokoto. Alibaki ameshika kiganja chake, akikipuliza.

Jiwe lilikuwa limekaa pale pale, na alama tatu nyeupe kwenye pembe yake.

Watu wote walimtazama nyapara. Nyapara aliitazama njiti yake.

“Mapigo ni matatu,” alisema. “Yameisha. Hii si jiwe ya fundi, kwa sababu debe liliisha. Tena si kokoto, kwa sababu haikuvunjika. Mimi miaka yangu yote kwa mawe sijaona kitu ya namna hii. Mama, ni wewe ulipiga. Sema wewe.”

Mama aliendelea kupuliza kiganja. Aliinama, akaligusa jiwe, akapitisha kidole kwenye ukingo, uso wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mimi nilikuwa nimesimama na vumbi machoni, sioni vizuri. Nilisikia tu sauti kama ya mtu anayekohoa, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakalia jiwe lenyewe.

“Iko na kichwa ngumu kama mwenyewe,” alisema. “Leteni mkokoteni.”

“Unapeleka wapi?” aliuliza nyapara.

“Mlangoni kwangu. Ile ngazi niko nayo sasa inabomoka kila mvua, iliwekwa na mtu aliyemaliza kabla ya debe.”

Vigelegele vililipuka. Kijana wa Gilgil alikuwa amekwisha kukimbilia mkokoteni, na akiwa njiani aliuliza kwa sauti kubwa, “Na karani wa Rongai, mama?”

“Karani apime mahindi,” alisema mama.

Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ukawa wa kawaida tena. “Usifurahi bado. Mimi nimechukua jiwe. Tindo hujapata. Jumamosi ijayo unachukua jiwe mbichi kama watu wengine, unachonga, halafu unakuja tuongee kama nilivyosema.”

Jumamosi ile nyingine nilichukua bonge lililotoka mlimani asubuhi hiyo, bado la baridi, linaloacha unyevu begani. Baada ya wiki nzima ya kukumbuka jiwe lile kavu, tindo iliingia kiasi kwamba niliogopa. Nilipoweka nyundo chini, maji yalikuwa bado juu ya nusu ya debe. Nyapara alinawa mikono kwa yaliyobaki, akanipa tindo mpya, na akanieleza kuwa aliniona tangu siku ya kwanza nikilianika jiwe langu.

“Mbona hukuniambia, mzee?”

“Ningekuambia, ungeandika tu kwa kitabu,” alisema. “Sasa umeandika kwa mkono.”

Jiwe hilo la pili nililipeleka kwa mama yangu mzazi. Mafundi walibishana miaka kadhaa lipi kati ya mawe mawili lilikuwa la kwanza kwa sheria, na ubishi huo ulitupitishia mvua nyingi chini ya mabati. Nilioa kabla ya mwisho wa mwaka. Karani wa Rongai aliozwa mwalimu, nasikia wanaelewana. Kuhusu nyundo kubwa, mke wangu anashikilia hadi leo kwamba mpini ulikuwa umelegea kweli. Jumatatu baada ya mapigo yale matatu niliishika nyundo hiyo mwenyewe. Ilikuwa imara kabisa. Niliandika hilo pia, na yeye anajua ukurasa.

Nilichonga mawe miaka kumi na miwili, kisha nikaenda kwenye ujenzi, ambako nipo mpaka sasa. Mama mkwe alipopata kishamba chake huko Kabazi baada ya Uhuru, alihama na vitu alivyoweza kupakia kwenye gari moja, na jiwe lilikuwa la kwanza kupakiwa. Liko mlangoni kwake. Juu yake watoto wetu wamejifunzia kupanda na kushuka, na yeye husugulia visigino hapo jioni akitoka shambani. Nikienda huwa nachukua rula. Mawe mengine ya umri huo yaliyo milangoni mwa watu, na nimepima matatu, yamelika katikati hadi yanashika maji ya mvua. Lile bado limenyooka. Alama tatu za nyundo zinaonekana pembeni ukilinyeshea maji.

Nimemwomba mara nyingi aniruhusu nimalizie vichwa viwili vilivyobaki. Nina tindo bora sasa, ningehitaji nusu siku.

“Wacha vile iko,” husema mama mkwe. “Mgeni akija anauliza, mama, mbona ngazi yako haikumalizwa? Na mimi naweka chai, naanza hadithi.”